Kurudi kukimbia baada ya malaria au kuumia: mwongozo kwa mkimbiaji asiye na kocha

Nilimeza kidonge cha mwisho cha dawa mseto Jumanne usiku. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa juu ya Daraja la Tanzanite pamoja na wenzangu wa kikundi, jezi nimeipiga pasi, tunaimba. Homa ilikuwa imekwisha, chakula kilikuwa kinapita, usingizi ulikuwa umerudi. Nilijiona mzima. Kabla hatujafika katikati ya daraja moyo ulianza kunidunda kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia, masikio yakaziba, na lami mbele yangu ikawa inametameta kama maji. Nikakaa chini pembeni. Mwenzetu mmoja ambaye ni muuguzi akachuchumaa, akanivuta kope ya chini ya jicho, akaitazama, akasema: "Dada, damu huna. Nani kakuruhusu kukimbia?"

Nilikuwa nimejiruhusu mwenyewe. Na kosa sikulimaliza pale. Baada ya mwezi mmoja, damu ikiwa imerudi na pumzi imefunguka, niliamua kufidia wiki nilizopoteza. Nikaongeza kilomita kwa pupa, na ugoko wa mguu wa kulia ukaanza kuuma. Nikaupuuza mpaka ukawa unaniamsha usiku. Hapo nikakaa nje miezi miwili na nusu.

Kwa gharama hiyo nilijifunza jambo ambalo ndilo msingi wa mwongozo huu: mwili haurudi wote kwa mara moja. Homa huondoka kwanza, hamu ya kula hufuata, kisha pumzi. Damu huchelewa. Mifupa na kano huchelewa kuliko vyote, kwa sababu kano hupata damu kidogo na mfupa hujijenga upya kwa miezi. Kwa hiyo ule wakati unaojisikia mwepesi, pumzi tele, unataka kuruka, ndio wakati miguu yako haijawa tayari. Wakimbiaji wengi ninaowafahamu walioumia wakati wa kurudi, wameumia katika wiki hizo za furaha.

Naandika kwa ajili ya mtu anayekimbia mara tatu au nne kwa wiki kabla ya kwenda kazini, anayenunua raba za mtumba, na asiye na kocha wala daktari wa timu.

Kwanza: hakikisha unaruhusiwa kuanza

Homa ikiwepo, usikimbie. Hata kidogo, hata taratibu. Kila nyuzi moja ya joto inayopanda huongeza mapigo ya moyo kama 10 kwa dakika, kwa hiyo moyo wako tayari unafanya kazi ukiwa umelala. Isitoshe, virusi vya mafua makali na vya korona vinaweza kuushambulia msuli wa moyo wenyewe. Mwanamichezo aliyegundulika na uvimbe wa msuli wa moyo huzuiwa na madaktari kufanya mazoezi kwa miezi 3 hadi 6, na anayelazimisha anaweza kuanguka na asiamke. Mafua mepesi yaliyoishia puani na kooni hayazuii kutembea. Yakishuka kifuani, ukawa na kikohozi, mwili kuuma au baridi, kaa nyumbani.

Yapo mambo ambayo ukiyaona unakwenda hospitali kwanza, na mwongozo huu unauweka kando mpaka daktari akuruhusu: maumivu ya kifua au kifua kubana unapojitahidi, moyo kuruka mapigo au kwenda kasi hata ukiwa umekaa, kuzimia au kutaka kuzimia, kuhema kupita kiasi kwa kazi ndogo kama kupanda ngazi za ghorofa moja, mkojo kuwa wa rangi ya kahawa nyeusi, kigimbi kimoja kuvimba, kuwa cha moto na kuuma, hasa kama ulilala kitandani siku nyingi. Hilo la mwisho watu hulichukulia kuwa msuli umekaza. Linaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kulikanda ni hatari.

Kama ulichokuwa nacho ni malaria

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu malaria tumeizoea mno. Mtu anaumwa Jumatatu, Ijumaa yuko kazini, na anaona kwamba mazoezi nayo yanafuata ratiba hiyohiyo.

Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaliana humo, na hutoka kwa kuzipasua. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Dawa inaua vimelea ndani ya siku chache, lakini haikurudishii chembe zilizopasuka. Hizo mwili lazima utengeneze upya, na huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana unaweza kupimwa, ukaambiwa huna malaria, na bado ngazi za nyumbani zikakutoa jasho.

Maliza dozi. Kwa mtu mzima dawa mseto ya ALu kwa kawaida ni vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla 24, na vinafanya kazi vizuri zaidi vikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Kuacha vidonge vya mwisho kwa sababu umepata nafuu ni kujiwekea homa ya wiki mbili zijazo.

Ukimaliza, jipe wiki nzima bila homa ukiwa unafanya shughuli za kawaida tu. Wiki ya pili tembea. Kabla ya kuanza kukimbia nenda zahanati uombe kupimwa wingi wa damu. Ni kipimo cha haraka kwa tone la damu ya kidoleni. Chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke au 13 kwa mwanaume hesabu kwamba una upungufu, endelea kutembea, na mwulize mhudumu kama unahitaji vidonge vya madini ya chuma. Mezani weka dagaa, maini ukipata, maharage, mboga za majani, na ukamulie limau au ule chungwa, kwa kuwa husaidia mwili kunyonya hayo madini. Chai ya rangi ihamishe isiwe pamoja na chakula, isubiri kama saa moja, kwa maana inazuia unyonyaji huo. Sisi tunaokula ugali na kikombe cha chai mkononi tunajinyima bila kujua.

Waliolazwa kwa malaria kali wakachomwa sindano za artesuneti wana tahadhari ya ziada. Kwa baadhi yao damu hushuka tena kati ya siku ya 7 na ya 28 baada ya matibabu, wakati ambao mtu anaamini ameshapona. Rudi kupima damu kila wiki kwa wiki nne, na usianze kukimbia ndani ya kipindi hicho.

Halafu kuna wengu, kiungo kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu. Malaria hukivimbisha, na wengu uliovimba unaweza kupasuka kwa pigo au kuanguka vibaya. Kwa hiyo mechi ya mpira ya Jumamosi isubiri zaidi ya mbio. Maumivu makali ya ubavu wa kushoto, au ya bega la kushoto yasiyo na sababu, ni ya kupeleka hospitali saa hiyohiyo.

Homa ya matumbo, dengi, na dawa iliyo kwenye droo yako

Homa ya matumbo hudhoofisha utumbo wenyewe, na hatari ya utumbo kutoboka huwa kubwa kuelekea wiki ya tatu ya ugonjwa. Anayekimbia na tumbo linalouma wakati huo anacheza na maisha yake. Dengi nayo huacha uchovu unaoweza kudumu wiki nyingi, na mgonjwa wa dengi hatakiwi kutumia aspirini wala ibuprofeni kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu.

Lakini ninachotaka ukumbuke zaidi hapa ni dawa. Siprofloksasini, ambayo watu wengi hupewa kwa homa ya matumbo au kwa UTI, na wengine hujinunulia tu duka la dawa, inaweza kudhoofisha kano, hasa ile nene ya nyuma ya kisigino. Kwa wachache hufikia hata kukatika, na hatari hiyo inaweza kuendelea kwa miezi baada ya dozi kwisha. Kama uliitumia, angalia jina kwenye karatasi ya vidonge, mwambie mtaalamu anayekuhudumia, na upe visigino vyako muda mrefu zaidi kabla ya kukimbia kasi au kupanda mlima. Kisigino kikianza kuuma ukiwa bado unaitumia, acha mazoezi na umrudie aliyekuandikia siku hiyohiyo.

Kama uliumia: kidole kimoja kinaweza kukuambia mengi

Kifundo kikiteguka, mkono wa kwanza kufika huwa wa jirani mwenye maji ya moto na mafuta ya nazi. Nia yake ni njema, ila mkatalie kwa heshima siku mbili za mwanzo. Kukanda kwa nguvu na kuweka joto kwenye jeraha bichi huongeza damu inayovuja ndani na uvimbe. Funga bendeji isiyokaza sana, weka kitambaa cha baridi dakika 15 hivi, inua mguu uwe juu kuliko kiuno. Kisha jipime: unaweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea? Ukibonyeza ukingo wa nyuma na ncha ya yale mafundo mawili ya mfupa, la ndani na la nje, unaumia mfupani? Ukishindwa hatua nne au mfupa ukiuma kwa kubonyezwa, nenda kapigwe picha. Ukipita vyote viwili, yaelekea ni kano tu, na baada ya siku mbili tatu anza kuukanyagia mguu kadiri unavyovumilia. Kukaa kitandani wiki tatu hakusaidii.

Kwa ugoko, fanya nilichopaswa kufanya mimi. Kaa chini, kunja goti, na kwa ncha ya kidole kimoja bonyeza ukingo wa ndani wa mfupa, sentimita moja moja, kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Maumivu yakitawanyika kwenye eneo refu, zaidi ya sentimita 5, mara nyingi ni mfupa uliochoka kwa nje na misuli inayoshikana nao. Huo unahitaji kupunguziwa kazi kwa wiki kadhaa. Kidole kikigota mahali pamoja padogo kama shilingi, ukaruka kwa maumivu, au mguu ukiuma usiku umelala, hesabu kwamba ni ufa wa mfupa mpaka ithibitike vinginevyo. Picha ya eksirei inaweza kutoka safi katika wiki mbili tatu za kwanza ilhali ufa upo, kwa hiyo usiichukulie kama ruhusa. Yangu ilitoka safi, nikakimbia tena siku mbili baadaye. Ufa wa kawaida wa ugoko huhitaji wiki 6 hadi 8 bila kukimbia. Maumivu ya kinena au ya ndani kabisa ya nyonga yasiyoisha unapokimbia ni mazito zaidi: mfupa wa hapo hubeba mwili mzima, ukivunjika unahitaji upasuaji. Usikimbie hata hatua moja kabla ya kuonwa.

Na kwa dada zangu: kama hedhi imekatika au inaruka miezi tangu uongeze mazoezi, huenda unakula kidogo kuliko unavyotumia, na mifupa ndiyo inayolipa. Nimeona wasichana wakipongezwa kwa kupungua huku mifupa yao inadhoofika. Ongea na daktari, ongeza chakula, ndipo tuzungumze kilomita.

Kuhusu dawa za maumivu na ushujaa

Wapo wanaomeza diklofenaki kabla ya mbio ili mguu usiseme. Mguu unaponyamazishwa, jeraha linaendelea kukua bila wewe kusikia, na kwenye joto, maji yakiwa yamepungua mwilini, dawa hizo hubebesha figo mzigo mkubwa. Sheria yangu ni nyepesi: siku unayohitaji dawa ya maumivu ili ukimbie si siku ya kukimbia.

Kila mara ninaposema hivi kuna mtu hunitajia John Stephen Akhwari. Nampenda Akhwari kama Mtanzania yeyote anavyompenda. Mwaka 1968 kule Mexico City alianguka, goti likateguka, akafungwa bendeji na akamaliza marathoni zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde, uwanja ukiwa karibu mtupu. Alikuwa amebeba bendera ya nchi, katika mashindano ya Olimpiki, siku moja tu. Mazoezi yako ya Jumanne kando ya bahari hayana bendera. Anayemtaja Akhwari huwa anasahau pia kwamba mwaka 1970 alikuwa Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akakimbia marathoni kwa saa 2:15:05 na kushika nafasi ya 5. Mtu hakimbii hivyo kwa goti alilolipuuza.

Hatua ya kutembea

Nunua daftari dogo. Kila asubuhi kabla hujaweka mguu chini, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa dakika nzima ukitazama saa ya simu, andika. Baada ya wiki utajua idadi yako ya kawaida. Siku ikizidi kwa mapigo 10 hivi, mwili bado unapigana na kitu, au hukulala, au unaelekea kuumwa. Siku hiyo tembea tu au pumzika.

Tembea kwa mwendo wa mtu anayewahi daladala, dakika 30, bila kuchechemea na bila maumivu. Ukiweza siku tatu tofauti, na asubuhi zinazofuata mguu haulalamiki, jaribu haya ukiwa peku sebuleni: simama kwa mguu ulioumia sekunde 30, nyanyua kisigino kwa mguu huo mmoja, taratibu, ukiwa umegusa ukuta kwa kidole, uhesabu unafika ngapi. Mguu mzima ukifika 25 na ulioumia ukikwama kwenye 11, jibu unalo. Mwisho ruka kwa mguu huo mara 10 papo hapo. Aliyekuwa na ufa wa mfupa asijaribu kuruka mpaka daktari amruhusu.

Mguu uliokwama hutibiwa kwenye ngazi. Simama ukingoni mwa ngazi ya chini kwa nusu ya mbele ya unyayo, panda kwa sekunde 3, shuka kwa sekunde 3 mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 12, pumzika, rudia mara tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Mwanzoni tumia miguu yote miwili. Kwa mtu mwenye kano ya kisigino inayouma sijaona kitu kinachosaidia kuliko hiki, lakini hutaka wiki 12, na wengi huacha kwenye ya tatu.

Hatua ya kuchanganya kukimbia na kutembea

Ukifaulu hayo, anza hivi. Tembea dakika 5 kupasha mwili, kisha:

1. Kimbia dakika 1, tembea dakika 4, rudia mara 6.
2. Kimbia 2, tembea 3, mara 6.
3. Kimbia 3, tembea 2, mara 6.
4. Kimbia 4, tembea 1, mara 6.
5. Kimbia 10, tembea 1, mara 2.
6. Kimbia dakika 25 mfululizo.

Kaa katika kila ngazi kwa mazoezi matatu, na uache siku moja katikati. Hiyo ni wiki tano hadi sita. Aliyekuwa na malaria tu bila jeraha anaweza kufanya mawili kwa kila ngazi. Dakika moja ya kukimbia itakuudhi, najua. Watu waliokuwa nyuma yako mwezi uliopita sasa wanakupita. Kimbia hiyo dakika moja, halafu tembea kama ilivyoandikwa.

Mwendo wake ni wa mchakamchaka wa shuleni: uweze kuimba na kuitikia bila kukata pumzi. Ukishindwa kuimba, umekwenda kasi.

Maumivu yape alama kutoka 0 hadi 10. Mpaka 2, endelea. Ikifika 3 au 4, maliza kwa kutembea. Ikifika 5, au ukijikuta umebadilisha namna ya kukanyaga ili kuukwepa mguu, simama hapohapo. Kisha ngoja hukumu ya kesho. Zile hatua za kwanza kutoka kitandani kwenda msalani ndizo za kweli kuliko unavyojisikia ukiwa unakimbia, kwa kuwa mwili uliopata moto huficha mambo. Mguu ukiwa kama jana au nafuu, endelea na mpango. Ukiwa mzito zaidi ya jana, ongeza siku moja ya kupumzika na urudie ngazi iliyotangulia. Kwenye daftari langu nimerudi nyuma mara nne. Kila mara nilipoteza siku tatu au nne, na sikupoteza miezi miwili na nusu tena.

Joto nalo lina deni lake. Mwili uliozoea kukimbia katika joto na unyevu wa Dar es Salaam hupoteza mazoea hayo baada ya wiki chache kitandani, na huchukua wiki moja hadi mbili kuyarudisha. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mkojo wako ukiwa wa rangi ya maji ya limau. Ukiwa wa rangi ya chai, kunywa kwanza.

Raba na mahali pa kukanyagia

Raba ya mtumba si dhambi, mimi ndizo ninazovaa. Pale soko la Karume nimejifunza kuitazama hivi. Iweke mezani, uchuchumae uitazame kwa nyuma usawa wa macho: ikiinama upande mmoja, mwenye nayo aliimaliza upande huo, na itakuvuta mguu vilevile. Bonyeza sponji ya katikati kwa dole gumba: izame kidogo na irudi. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi midogo ya kulala, imekufa hata kama juu inang'aa. Ikunje: ipindike kwenye vidole, isipindike katikati. Mwisho vuta soli pembeni uone kama imebandikwa upya kwa gundi. Muuzaji atakuharakisha. Usikubali, chukua muda wako.

Kwa ardhi, uwanja wa shule wenye nyasi au barabara ya udongo iliyoshindiliwa ni rafiki wa wiki za mwanzo. Wengi hukimbilia ufukweni wakidhani mchanga ni laini hivyo ni salama. Mchanga mkavu huchosha kano ya kisigino vibaya sana. Mchanga mgumu wakati wa maji kupwa ni mzuri, ila ufukwe umeinama kuelekea baharini, kwa hiyo mguu mmoja unakuwa mfupi njia nzima. Kama ulitegua kifundo, chagua nyasi.

Kuongeza, na kurudi kwenye kikundi

Baada ya ngazi ya sita, ongeza muda kwanza. Kasi baadaye, milima mwishoni. Kupanda huivuta kano ya kisigino, kushuka huyapiga magoti, kwa hiyo tunaotoka tambarare ya Dar kwenda Moshi au Lushoto tunakutana na vyote viwili siku moja. Kile kipimo cha kuongeza asilimia 10 kwa wiki hakinisaidii sana. Kwa anayekimbia kilomita 12 ni kilomita moja na ushee tu. Ninachoangalia ni safari ndefu kuliko zote: usiizidishe ghafla kwa zaidi ya dakika 5 hadi 10 ukilinganisha na ndefu ya wiki zilizopita. Na kila wiki ya nne punguza.

Kama umeshajiandikisha mbio na bado hujafika ngazi ya sita zikiwa zimebaki wiki tatu, hamia umbali mfupi. Kilimanjaro Marathon ina kilomita 5 ambazo unaweza kutembea na watoto. Fulana ni fulana.

Hatari kubwa ya mwisho ni upendo wa wenzako. Kwenye kundi la WhatsApp wataandika "karibu tena mpiganaji", na asubuhi ya kwanza watakuvuta kwa nyimbo mpaka usahau daftari. Mwambie kiongozi siku moja kabla, kwa maneno kamili: "Kaka, kesho nakimbia dakika 4 na kutembea 1, nageukia pale darajani, msinisubiri." Kaa nyuma kabisa pamoja na wanaoanza. Na kama wewe ndiye kiongozi, mtu akitoka kuumwa mpe kazi ya kuwasindikiza wanaotembea, atakuwa na sababu ya kwenda polepole mbele za watu.

Beba simu, maji, na nauli ya daladala. Nauli hasa. Mtu asiye na nauli akiumia kilomita 6 kutoka nyumbani atakimbia kurudi, kwa kuwa hana njia nyingine. Yangu naikunja ndani ya kifuko cha funguo, noti moja ya 1,000, na mpaka sasa nimeitumia mara mbili.